Baada ya nyama na mchele, tufikirie na kinywaji: mwongozo wa meza ya Idi

Wiki moja kabla ya Idi, nyumba nyingi za Mwambao huwa zishaamua mambo makubwa. Nyama itatoka kwa bucha gani, mchele ni wa aina gani, pilau au biriani, na nani ataoka mkate wa sinia. Masala yamesagwa, vitunguu vinakaangwa mapema na kuwekwa kando. Lakini ukiuliza wageni watakunywa nini, jibu huwa lile lile: "Hicho si kitu, tutatuma mtoto dukani." Ikifika saa saba mchana, mtoto hutumwa, akarudi na kreti ya soda na pakiti mbili za juisi ya unga.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwenye nyumba afikirie kinywaji kama anavyofikiria chakula. Sababu ya kwanza ni ladha. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nami nitaanza nayo.

Miaka michache iliyopita tulikula Idi nyumbani kwetu, na ami yangu alikuwa miongoni mwa wageni. Ana ugonjwa wa sukari kwa muda mrefu na anajitunza vizuri. Siku ile mezani palikuwa na soda na jagi tatu za juisi ya embe na pasheni. Soda aliikataa. Juisi aliipokea, maana ni tunda, na sisi wenyewe tulimwambia, "Ami, hii ni ya nyumbani, haina neno." Alikunywa gilasi tatu. Usiku ule tulimpeleka hospitali, na Idi ikatuishia kwenye benchi la kungojea daktari. Aliporudi nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuitisha maji. Akajibu kwamba hayakuwepo mezani, na hakutaka kumtahayarisha mwenyeji kwa kuitisha kitu ambacho hakikuandaliwa. Mwenyeji huyo alikuwa mimi.

Kwa hivyo, tukisema kuchagua kinywaji, twamaanisha mambo mawili kwa pamoja: kiende na chakula, na kisimdhuru aliyekuja kula nasi.

Hesabu ya sukari

Tuanze na hesabu ndogo. Chupa ya soda ya mililita 300 kwa kawaida huwa na sukari gramu 30 hadi 35, yaani kama vijiko vinane vya chai. Wengi wetu twajua hilo. Tusilolijua ni kwamba juisi yetu ya nyumbani haiko mbali. Ukitengeneza lita 10 za juisi na ukatia kilo moja ya sukari, jambo ambalo jikoni kwetu ni la kawaida kabisa, kila gilasi ya mililita 250 ina gramu 25 za sukari uliyotia, kabla hujahesabu sukari ya tunda lenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa, ya asali na ya juisi isizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anazopata kwa chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25. Yaani ile gilasi moja imemaliza fungu la siku nzima, na bado hajagusa tambi za asubuhi, kaimati wala haluwa. Zingatia pia kwamba shirika hilo linahesabu juisi ya matunda pamoja na sukari. Tunda likiliwa zima halimo katika hesabu hiyo, kwa sababu nyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia mwilini. Likisagwa na kuchujwa, nyuzi hubaki kwenye chujio.

Hii si kusema tusinywe juisi siku ya Idi. Dawa yake ni rahisi: tengeneza kinywaji bila sukari, au na sukari kidogo sana, kisha uweke shira kando. Shira ni sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya moto na kupozwa. Ni bora kuliko sukari kavu kwa sababu sukari kavu haiyeyuki vyema katika kinywaji baridi, hukaa chini ya gilasi na mtu akaendelea kuongeza. Iwe kwenye jagi dogo na kijiko chake, kila mtu ajitilie. Anayependa tamu atapata tamu yake, na mwenye sukari hatalazimika kueleza maradhi yake mbele ya watu.

Kinywaji na chakula hukutana vipi mdomoni

Wenzetu wa Ulaya wana elimu nzima ya kuchagua mvinyo wa kwenda na chakula cha sikukuu. Sisi mvinyo haumo mezani petu, lakini kanuni wanazozitumia hazikutoka kwenye ulevi. Zatoka kwenye ulimi, na ulimi ni wa watu wote. Kanuni zenyewe ni nne, na Kiswahili kina neno kwa kila moja: uchachu, ukakasi, utamu na uchungu.

Uchachu hukata mafuta. Kitu kichachu hufanya mate yatoke kwa wingi, na mate huosha mafuta yaliyotanda ulimini. Ndiyo maana hatuli pilau bila kachumbari yenye ndimu. Kinywaji kichachu hufanya kazi ile ile.

Ukakasi ni ile hali ya mdomo kukauka na ulimi kukazana, kama unapokunywa chai ya rangi iliyokolea. Nao husafisha mdomo baada ya nyama yenye mafuta, lakini ukizidi huharibu ladha ya chakula chepesi kama samaki.

Utamu hutuliza pilipili, lakini pia hufunika ladha. Mtu akinywa kitu kitamu sana kati ya matonge, hasikii tena iliki wala karafuu ulizohangaika nazo. Soda nayo ina asidi, lakini wingi wa sukari yake huifunika, na gesi yake humzidishia mwako aliyekwisha kuchomwa na pilipili.

Uchungu husawazisha utamu. Wazee waliokunywa kahawa chungu na kipande cha haluwa hawakusoma kitabu cha mapishi, lakini walijua walilolifanya.

Pilau, mishkaki na nyama ya mbuzi: ukwaju

Kwa vyakula hivi kinywaji cha kwanza ni ukwaju. Waarabu waliliita tunda hili tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, ijapokuwa asili ya mti wenyewe ni Afrika. Asidi iliyo nyingi ndani yake ni asidi ya tatariki, ambayo ndiyo asidi kuu ya zabibu pia. Kwa hivyo anayetafuta ule uchachu ambao Wazungu huutafuta kwenye mvinyo wa zabibu, kiko kinywaji halali chenye asidi ile ile, na kinauzwa Marikiti.

Chukua robo kilo ya ukwaju, uloweke kwa lita moja ya maji ya moto kwa nusu saa, uuvuruge kwa mkono safi, kisha uchuje. Ongeza maji baridi hadi upate kama lita mbili na nusu, ukionja unapoongeza, kwa sababu ukwaju hutofautiana ukali. Tangawizi iliyopondwa kidogo na chembe ya chumvi hufanya uchachu usiwe mkali bila kuhitaji sukari nyingi.

Jambo moja la kukumbuka: usiupeleke mezani ukiwa wa baridi kupita kiasi. Mafuta ya mbuzi na kondoo huganda upesi. Kinywaji cha barafu tupu juu ya tonge la nyama hufanya mafuta yashike kwenye kaakaa, na baridi kali hufisha ladha. Ubaridi wa mtungi unatosha.

Biriani na vyakula vya pilipili: mtindi

Anayeungua na pilipili hukimbilia maji, na maji hayamsaidii. Kapsaisini, kitu kinachofanya pilipili iwashe, hakiyeyuki katika maji. Maji hukitembeza tu kutoka upande mmoja wa mdomo hadi mwingine. Maziwa yana protini iitwayo kaseini ambayo huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini. Kwa hivyo kwa biriani, hasa ikiwa rosti yake ni kali, weka jagi la mtindi au maziwa lala yaliyopigwa na maji, chumvi kidogo na bizari nyembamba iliyokaangwa. Ukitaka, tia majani ya nanaa. Kinywaji hiki hakina haja ya sukari, ni chepesi, na watoto wanaoogopa pilipili watakula vyema.

Sharbati ya maziwa, lozi na zafarani tunaipenda sote, na Idi bila sharbati kwa wengine si Idi. Lakini ni tamu na ni nzito; ni kama chakula ndani ya gilasi. Mahali pake ni kabla ya chakula kwa kikombe kidogo cha kumkaribishia mgeni, au alasiri wageni wa mkono wa Idi wanapopita. Ukiitoa pamoja na biriani, mgeni atashiba kabla hajala.

Samaki wa kupaka na wali wa nazi: ndimu, au dafu

Tui ni zito na lina utamu wake wa asili, na samaki ana ladha nyepesi. Hapa ukwaju uliokolea utamshinda samaki, hasa ikiwa mchuzi wenyewe umetiwa ukwaju. Ndimu inafaa zaidi: ndimu sita au saba kwa lita mbili za maji, nanaa na kipande cha tangawizi. Usikamue kwa nguvu hadi ganda lisagike, wala usitie ndimu nzima kwenye blenda ukaiacha ikae, maana mafuta ya ganda na kokwa hutoa uchungu.

Dafu nalo lapendeza na samaki. Utamu wake ni mdogo na halishindani na kitu. Kwa kawaida sukari ya maji ya dafu ni chini ya nusu ya ile ya soda ya kiasi hicho hicho, kwa hivyo ni nafuu kwa wengi, ingawa mwenye kisukari asilichukulie kama maji tupu. Tahadhari ya pili ni kwa wagonjwa wa figo. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Ukiwa na mgeni mwenye tatizo la figo, usimlazimishe dafu kwa kumwambia ni dawa. Daktari wake ndiye anayejua kiasi chake.

Matunda ya msimu

Idi hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka kwa hesabu ya jua, na huchukua takriban miaka 33 kuzunguka mwaka mzima. Maana yake ni kwamba matunda ya Idi ya utotoni mwako si lazima yawe ya Idi ya mwaka huu. Msimu mkubwa wa maembe Mwambao ni kuanzia mwisho wa mwaka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Ikiwa Idi imeangukia humo, ngowe na boribo zitakuwa tele na tamu kiasi cha kutohitaji sukari hata kijiko. Ikiwa imeangukia nje ya msimu, utanunua embe ghali lisilo na ladha, kisha ulitie sukari kufidia. Afadhali uliache.

Pasheni ina uchachu wake, na huchanganyika vyema na embe lililoiva sana. Mabungo, ukiyapata, yana uchachu na harufu isiyo na mfano. Yatumie kama ukwaju, pamoja na nyama. Ubuyu, ule unga mweupe wa ndani ya tunda la mbuyu na sio mabuyu mekundu ya sukari, una vitamini C kwa wingi. Ukivurugwa kwa maji au maziwa hutoa kinywaji kizito, kichachu kiasi, kinachowafaa watoto kuliko juisi ya unga yenye rangi.

Baada ya chakula

Kahawa chungu yenye tangawizi na iliki, kwa kikombe kidogo, pamoja na haluwa au kashata. Chai ya rangi pia inafaa, lakini isiletwe pamoja na chakula. Vitu vinavyoipa chai ukakasi hushikana na madini ya chuma ya vyakula, hasa ya maharage na mboga, na kuyazuia yasiingie mwilini. Kwa mama mjamzito au mtu mwenye upungufu wa damu, subira ya saa moja baada ya kula ina faida.

Maji na barafu

Kinywaji chochote huanzia kwenye maji, na sisi wa Mwambao twajua shida yake. Maji ya kisima katika mitaa mingi yana chumvi. Ukitengenezea juisi ya ndimu, utadhani umeikosea kipimo. Kwa siku ya wageni, tafuta maji matamu mapema, na usingoje mkokoteni asubuhi ya Idi. Yachemshe usiku, yafunike yapoe. Na barafu vivyo hivyo. Watu huchemsha maji ya juisi kisha wakanunua barafu isiyojulikana ilikotoka wakaitia humo. Kugandisha hakuui viini vyote vya maradhi. Gandisha barafu yako mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, au gandisha ukwaju wenyewe katika vibakuli, ili barafu ikiyeyuka kinywaji kisiwe chapwa.

Kwa kiasi, hesabu gilasi mbili kwa kila mgeni. Watu 20 kwa gilasi mbili za mililita 250 ni lita 10. Usitengeneze aina sita. Mbili za baridi zinatosha, moja chachu na moja ya maziwa au ya tunda, pamoja na maji.

Kisichonyweka kesho

La mwisho ni kuhusu kinachobaki. Kwa joto letu, juisi yenye sukari ikiachwa nje huanza kuchachuka. Hamira za asili zilizomo hewani na kwenye maganda ya matunda hula sukari na kuigeuza kuwa kileo na gesi. Ndivyo utomvu wa mnazi unavyogeuka tembo kwa muda wa saa chache tu. Jambo hili lajulikana tangu kale: Mtume, rehma na amani zimshukie, aliloweshewa tende au zabibu kavu akanywa maji yake, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba hakuyanywa baada ya siku ya tatu. Nasi hapa hatuna hali ya hewa ya kungojea siku tatu. Weka kinywaji kwenye friji mara baada ya chakula, kimalizwe kesho yake. Ukiona povu, ukasikia gesi, au kifuniko kimevimba, mwaga. Hapo dini na afya zimekubaliana.

Utaratibu mfupi

Siku mbili kabla: nunua ukwaju, ndimu na tangawizi, na utafute maji matamu. Usiku wa kuamkia Idi: chemsha maji, gandisha barafu, loweka na uchuje ukwaju, pika shira. Asubuhi baada ya swala: kamua ndimu, piga mtindi. Kabla ya sinia la kwanza kutoka jikoni, jagi la maji liwe limeshatangulia mezani, na gilasi zake.

Kwa jirani zetu Wakristo, haya yote yafaa pia Krismasi na Pasaka, na zaidi pale meza moja inapokalisha watu wa dini mbili. Ukwaju na ndimu hazimtengi mtu.

Ami yangu bado huja kula nasi kila Idi. Siku hizi jagi la maji huwekwa karibu na mahali pake, na la ukwaju lisilo na sukari pembeni yake. Hajawahi kuuliza kwa nini, nasi hatujawahi kumwambia. Mwaka jana alijimiminia gilasi ya pili ya ukwaju, akala pilau yake taratibu, na jioni akarudi nyumbani kwake kwa miguu yake.

Idi njema kwenu nyote.